Tarikhi ya Roboti za Vipande

Katika zawadi wanazoletewa watoto wetu siku hizi na jamaa walio Dubai, Maskati na Ulaya, limeingia sanduku moja la ajabu. Juu yake pana picha ya mtu wa chuma, mrefu kuliko ghorofa, ameshika bunduki na ngao. Mtoto hulifungua kwa pupa, na ndani hakuti mtu wa chuma. Hukuta fremu za plastiki nne au tano, na vipande vidogo vidogo vimeshikamana nazo kwa vikonyo kama pilipili mbichi mtini, na kijitabu cha michoro. Wazee hutazamana. Mtu ametoa pesa nzima akauziwa kitu ambacho hakijaisha!

Neno hilo, "hakijaisha", ndilo lililotufanya tuandike makala haya, kwani ndani yake imo tarikhi yote ya mchezo huu, na imo pia hoja ambayo mzazi wa Kiislamu hana budi kuipima kabla ya kusema ndiyo au la.

Wako wenzetu ambao wakisikia neno roboti husema mara moja kwamba sisi Waislamu ndio tuliotangulia, wakamtaja Badiuzzaman al-Jazari. Wasema kweli. Al-Jazari alikuwa fundi wa watawala wa ukoo wa Artuki katika mji wa Amid, ambao leo waitwa Diyarbakir, nchini Uturuki. Mwaka 1206 alimaliza kitabu chake cha vyombo vipatavyo hamsini: saa za maji, mashine za kupandishia maji, jahazi yenye wapiga muziki wa sanamu, na mtumishi wa sanamu amminiaye mfalme maji ya udhu. Lakini kujifakhiri kwa jina la marehemu hakutujengei kitu. Linalotufaa zaidi ni namna alivyoandika. Al-Jazari aliandika ili mtu mwingine, ambaye hakumwona wala hakumjua, aweze kukaa chini akaunda chombo kile kile. Alitoa vipimo, akachora vipande, akaeleza vinavyosubiwa na vinavyoungwa, na akawalaumu baadhi ya waliomtangulia kwa kuandika wasiyoyajaribu. Mwaka 1976, yalipofanywa maonyesho makubwa ya ulimwengu wa Kiislamu mjini London, saa yake moja ya maji ilijengwa upya kwa kufuata maelezo yake, baada ya miaka zaidi ya mia saba. Kijitabu kilichomo katika sanduku la mtoto ni cha jamii hiyo ya maandishi. Hakisomwi kwa macho peke yake.

Hatusemi kwamba Wajapani walichukua kwake. Asili ya mchezo wao ni nyingine, na yaanzia kwenye mbao.

Uko mji Japani uitwao Shizuoka, kati ya Tokyo na Nagoya, upande wa mlima Fuji. Ni mji wa chai na machungwa, na tangu zamani ni mji wa maseremala, wenye sifa ya samani na vyombo vya kupakwa laki. Hata kabla ya Vita Vikuu vya Pili walikuwako huko watu wakiuza vijimbao vya kuundia ndege ndogo za watoto. Baada ya vita, mwaka 1946, Bwana Yoshio Tamiya alifungua biashara ya mbao mjini humo, na mwaka 1948 akaanza kutengeneza mifano ya mbao ya meli na magari. Mtoto alinunua mbao, akachonga, akapiga msasa, akaunga kwa gundi. Riziki ya mji mzima ilianza kujengeka juu ya kitu ambacho hakijaisha.

Kisha ikaja plastiki. Waingereza walikuwa wamekwisha kuuza ndege za plastiki za kuunganisha tangu mwaka 1936, na baada ya vita Wamarekani wakaueneza mchezo huo duniani. Masanduku yao yakafika Japani katika miaka ya 1950, na mwaka 1958 kampuni ya Tokyo iitwayo Marusan ikatoa nyambizi ya Nautilus kwa plastiki. Wanunuzi wakaiacha mbao. Tamiya naye akafuata kwa manowari ya Yamato mwaka 1960, ikamtia hasara, na ni kifaru cha Kijerumani cha Panther kilichokuja baadaye ndicho kilichomwokoa.

Hapa yafaa tueleze jambo moja la biashara, maana bila yake mengine hayafahamiki. Mbao kila moja hukatwa na kuchongwa peke yake, kwa hiyo gharama ya sanduku la elfu moja ni kama ya lile la kwanza. Plastiki hufanywa kwa kalibu ya chuma: huyeyushwa, hupigwa ndani ya kalibu kwa nguvu kubwa, hupoa, hutolewa. Kipande chenyewe ni rahisi mno, walakini kalibu ni ghali, na fundi huifanyia kazi kwa miezi. Basi mwenye kiwanda huwa kama mwenye jahazi aliyekopa kununua shehena. Lazima auze nyingi au azame. Kampuni ya Imai, iliyokuwa upande huo huo wa Shizuoka, ilitajirika kwa kuuza vyombo vya mchezo wa televisheni wa Thunderbirds, kisha ikaanguka mwaka 1969. Kiwanda chake cha Shimizu na kalibu zake zikachukuliwa na Bandai, kampuni ya vitu vya watoto ya Tokyo.

Roboti za televisheni zilikuwa zimekwisha kuwa nyingi wakati huo. Wasomaji wetu waliokulia nchi za Ghuba wataikumbuka mojawapo, Grendizer, ambayo ilitafsiriwa kwa Kiarabu huko Lebanon mwishoni mwa miaka ya 1970 ikapendwa hadi nyimbo zake zikaimbwa majumbani. Roboti hizo zilikuwa mashujaa. Haziishiwi risasi, hazichakai, na wiki ifuatayo zarudi zimeng'aa.

Tarehe 7 Aprili 1979 ulianza mchezo wa namna nyingine, uitwao Gundam, ulioongozwa na Yoshiyuki Tomino, na mashine zake zikachorwa na Kunio Okawara. Katika hadithi hii roboti ni silaha ya vita kama kifaru kilivyo silaha. Yatoka kiwandani, ina namba, yaharibika, yangoja vipuri. Vita vyenyewe ni baina ya dunia na makoloni yake ya angani, vimekwisha kuua nusu ya wanadamu, na adui ana mama na ana kaburi la ndugu yake. Si hadithi ya kumfurahisha mtoto mdogo, na kampuni iliyokuwa ikilipia mchezo huo ilitaka hasa kuuza midoli iliyo tayari, ya rangi kali. Midoli haikutoka. Mchezo uliokusudiwa sehemu 52 ukakatizwa kwenye sehemu ya 43, tarehe 26 Januari 1980.

Miezi sita baadaye, Julai 1980, mchezo umekwisha kufa, Bandai ikatoa sanduku la roboti ile ile kwa yeni 300, fedha ambayo mtoto wa shule aweza kuiweka akiba. Kipimo chake kilikuwa 1 kwa 144, kwa hiyo mashine ya mita 18 ilikuwa na urefu wa sentimita 12 na nusu. Ilikuwa ya rangi moja. Gundi ilitiwa sandukuni. Viungo vilikunjika kwa shida, na ikisimama ilisimama kama askari wa zamu aliyechoka. Kwa kila kipimo cha mchuuzi ilikuwa bidhaa duni kuliko midoli iliyokataliwa. Lakini ilinunuliwa kwa malaki, kisha kwa mamilioni, na hesabu ya masanduku ya roboti hizo tangu siku ile imepita 700,000,000.

Watu wameeleza sababu nyingi. Wengine wataja marudio ya mchezo kwenye televisheni, na sinema zilizotolewa mwaka 1981 na 1982, na hayo yalisaidia bila shaka. Sisi twaona sababu kubwa ilikuwa ule upungufu wenyewe. Midoli iliyo tayari ilimwambia mtoto, chukua ucheze. Sanduku lilimwambia, nifanye niwe kama ulivyoniona. Na kwa kuwa hadithi ilikuwa ya mashine zinazochakaa, kazi haikuwa na mwisho. Vijana waliokuwa wakiunda vifaru na ndege za vita waliingia na ujuzi wao. Walikata vifundo vya miguu wakaviweka upya ili roboti isimame kama yenye uzito, wakanenepesha mapaja kwa patii, wakaandika namba za kikosi kifuani. Mwaka 1981 jarida la Hobby Japan likatoa kitabu kizima cha kazi zao. Kampuni nayo ikajifunza kwa wateja wake: mwaka 1983 ilianza kutoa roboti ambazo hazikuonekana kabisa katika mchezo wa televisheni, zilizotokana na michoro na makala ya majarida. Mmoja wa vijana wale, Katsumi Kawaguchi, baadaye aliajiriwa na Bandai yenyewe.

Kazi hiyo hufanywaje? Tutaieleza kwa urefu, maana wengi hudhani ni kupachika tu.

Kwanza kuna kukata. Mwenye haraka huvunja kipande kwa vidole, na kovu jeupe hubaki milele. Mwenye subira hukata mara mbili kwa koleo kali: mara ya kwanza mbali na kipande, mara ya pili karibu, kisha hulainisha kibakizo kwa kisu na msasa, wa namba 400 kwanza, halafu 600, halafu 800, akitia maji. Mkono au mguu huwa ni nusu mbili, na zinapokutana huacha mstari. Mstari huo ndio unaomtambulisha mwanafunzi. Gundi ya plastiki huyeyusha kingo zote mbili. Mjenzi huzibana mpaka ile iliyoyeyuka itokeze nje, kisha huacha. Haigusi siku ya kwanza. Wengine hungoja wiki. Ikishakauka huisugua mpaka nusu mbili ziwe kitu kimoja, na penye tundu hutia patii akasugua tena. Aliyemwona fundi wa jahazi akipiga kalafati, pamba na mafuta katika kila upenyo wa mbao, atafahamu mara moja ni kazi ya aina gani.

Kisha hupakwa rangi ya kwanza, ya kijivu, na hiyo ina uadilifu wa ajabu, kwani kila mkwaruzo uliofichika huonekana. Asiyeridhika hurudi kwenye msasa. Baadaye huja rangi zenyewe, tabaka nyembamba nyembamba, na wino mwepesi mweusi unaotiwa ncha tu katika mfereji mdogo, nao hukimbia wenyewe mpaka mwisho wa mfereji. Huo hupanguswa kwa kijiti cha pamba, na mashine ambayo ilikuwa kama sabuni sasa yaonekana imeungwa kwa mabamba ya chuma. Hapa pana hatari: petroli ya kuzimulia wino huo, ikizidi, hupenya kwenye viungo vilivyobanana na plastiki hupasuka. Na moshi wa rangi za kupuliza haufai kupigwa katika chumba wanacholala watoto. Madirisha yafunguliwe, au kazi ifanywe uani.

La mwisho ndilo linalowashangaza wageni. Baada ya jasho lote hilo mjenzi huichafua kazi yake. Hutia vumbi miguuni, masizi kwenye matundu ya moto, na rangi ya chuma kwenye kingo za ngao palipochubuka. Lakini hachafui ovyo. Lazima ajiulize, mashine hii ilitembea wapi? Mkono upi hushika silaha? Mvua ikinyesha, kutu itachuruzika kuelekea wapi? Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekwisha kujiuliza maswali hayo hataitazama baiskeli ya baba yake kama alivyokuwa akiitazama jana.

Hata hivyo tarikhi ya mchezo huu ina upande wa aibu. Masanduku yalipoadimika, baadhi ya wauzaji wa Japani walikataa kumuuzia mtoto roboti aitakayo mpaka achukue pamoja nayo bidhaa nyingine iliyowadodea. Januari 1982, katika duka kubwa moja la mkoa wa Chiba, watoto waliokuwa wakikimbilia masanduku mapya walirundikana kwenye ngazi ya umeme wakaanguka, na kadhaa wakaumia. Na katika miaka ya ugonjwa wa korona, tangu 2020, watu wengi walipokaa majumbani wakatafuta kazi ya mikono, walitokea walanguzi wakinunua rafu nzima asubuhi na kuuza jioni kwa bei ya kukomoa.

Mtu huweza kuuliza, je, huu ni ule uhodhi uliokatazwa na sheria yetu? Katika madhehebu yetu ya Shafi ukatazo huo hufungamanishwa na vyakula. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, aliupanua ukaingia kila kitu ambacho kukizuia kwawadhuru watu. Roboti ya plastiki si unga wala mchele, wala hapana aliyekufa kwa kuikosa. Lakini mwenye kumwangalia mtoto aliyeweka akiba miezi mitatu akakuta rafu tupu, kisha akamcheka, amejiharibia kitu ambacho hakiuzwi.

Upande mwingine wa aibu ni wa wanunuzi wenyewe. Wajenzi wengi watu wazima, Japani na kwingineko, wana marundo ya masanduku yasiyofunguliwa yanayofika dari, na huyasimulia kwa mzaha. Hapa sisi hatucheki sana. Aliyenunua chakula akakila amepata alichonunua. Huyu amenunua kazi, na kazi haikufanywa. Alicholeta nyumbani ni karatasi ya picha. Israfu ya pesa ni moja, na israfu ya nia ni ya pili.

Sasa turudi kwenye lile neno letu. Kiwanda kimeendelea kulimaliza sanduku mwaka hata mwaka. Katika daraja iliyoanza mwaka 1990 vipande vilikuja na rangi zake tayari na vikapachikwa bila gundi. Mwaka 1995 ikaja daraja ya kipimo cha 1 kwa 100, ambayo baadaye ilitiwa mifupa ya ndani kabla ya ngozi ya nje. Mwaka 2010 ufundi wa aina hiyo ukatiwa katika sentimita 12 zile zile za mwanzo. Wajenzi wa zamani hulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui gundi. Wana nusu ya haki. Ule mstari wa nusu mbili, uliokuwa ukimla kijana siku saba, sasa umefichwa na mchoraji wa kalibu ndani ya mfereji, hata hauonekani. Kazi haikupotea. Imehama, ikatoka mezani kwa mtoto ikaenda kwa fundi wa Shizuoka anayepima chuma kwa sehemu ndogo za milimita. Ni itqani, na tumpe haki yake. Lakini mzazi ajue anachonunua: katika sanduku jipya sehemu kubwa ya subira ni ya mtu mwingine. Mwanawe akipachika kwa saa mbili na kusema amemaliza, amemaliza sehemu ya kiwanda, na sehemu yake hajaianza. Kwa upande wa pili, wepesi huo umewafungulia mlango wasichana, watoto wadogo, na nyumba ambazo haziwezi kuvumilia harufu ya gundi. Ndugu zetu wa Indonesia na Malaysia ni miongoni mwa wanaoshindana katika mashindano ya dunia ya mchezo huu yaliyoanza mwaka 2011, na wanaofika huko ni wale waliokataa kuishia pale kiwanda kilipoishia.

Limebaki suala la sanamu, na hatutoi fatwa. Masheikh wapo, waulizwe. Twakumbusha tu yanayojulikana. Katika Sunan ya Abu Daud imo habari ya Bibi Aisha (R.A.) na wanasesere wake, na farasi aliyetiwa mabawa ya vitambaa, na Mtume (S.A.W.) alipomuuliza habari ya farasi mwenye mabawa naye akajibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman, Mtume alicheka. Imam Nawawi amenakili kwamba wanazuoni wengi wamewaruhusu wanasesere wa watoto wa kike, na sababu waliyoitaja ni mafunzo: mtoto hujizoeza malezi. Basi ruhusa hiyo ilifungamana na mtoto na kile anachojifunza. Mzazi ajiulize mwanawe ajifunza nini, na roboti ikishakamilika yawekwa wapi. Kuipa kabati ya kioo mbele ya ukumbi, na misahafu ikabaki juu ya friji, ni jambo ambalo hata asiyekuwa mwanachuoni aweza kulihukumu.

Kuhusu hadithi yenyewe ya vita, ni kheri mzazi aisimulie pamoja na mtoto kuliko kumwachia picha ya bunduki peke yake. Waliibuni watu wa nchi ambayo miji yake iliteketezwa mwaka 1945, na mtoto aulizaye kwa nini ngao yake aipake michubuko amekaribia kuliuliza lile kubwa zaidi.

Na zile fremu zinazobaki baada ya vipande kukatwa, ambazo kwetu huishia jaani, wenyewe Japani tangu mwaka 2021 wameanza kuzikusanya katika mapipa madukani ili zitumiwe tena. Kiwanda chenyewe hufanya roboti nyeusi kwa mabaki ya plastiki yaliyochanganyika rangi, maana rangi zikishachanganyika nyeusi ndiyo izifichayo zote. Sanduku la namna hiyo halina rangi nyingine hata moja. Anayelipata hana budi kuanza kama walivyoanza wale wa mwaka 1980, kwa koleo, msasa na kopo la rangi.